Hakimu hajatoka kwenye haki: maswali yenu kuhusu maneno ya kortini

Toleo hili misemo na methali tuziweke pembeni, maana barua zilizojaa mezani kwangu karibu zote zinauliza maneno ya sheria, sijui mmepatwa na nini jamani, mna kesi nyote? Nimechagua nane, wengine mnivumilie. Na niseme mapema kabisa, mi ni mtu wa maneno sio wakili, ukiwa na shauri lako kweli tafuta mtu akae na faili lako, hapa tunachimba asili tu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimebishana na rafiki yangu wiki nzima. Mi nasema hakimu anaitwa hakimu kwa sababu anatoa haki, si iko wazi? Ye anasema hayo maneno hayahusiani hata kidogo. Tumewekeana dau. Nani kashinda? (Mbishi)

JIBU: Marahaba Mbishi, andaa dau. Rafiki yako kashinda, ingawa nakuelewa kabisa, mtu yeyote akiyaweka hayo maneno mawili pamoja ataapa ni baba na mtoto.

Tatizo ni masikio yetu. Kiarabu kina k mbili, moja nyepesi kama hii yetu na nyingine nzito inayotokea kule ndani kooni, sasa sisi tulipoyapokea hayo maneno tukazifanya zote k moja na mpaka ukafutika hapohapo. Haki katoka kwenye ile nzito, na ndugu zake ni hakika, uhakika, kuhakiki, hata kustahiki yumo. Hakimu katoka kwenye ile nyepesi na ana m yake mwishoni, ndugu zake ni hukumu, mahakama na, hili huwa linawashangaza watu, hekima. Ukoo mwingine kabisa, wanafanana sura tu.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba huo mzizi wa hakimu kwa Kiarabu una maana ya kuzuia, na humohumo kuna neno hakama, ambalo ni kile kipande cha lijamu kinachomshika farasi asijiendee anakotaka. Kwa hiyo hakimu kwa asili ya jina lake ni mshika hatamu, ukimsikia anamwambia mtu wewe kaa chini, zamu yako bado, ujue hapo ndo anafanya kazi ya jina lake hasa. Na mahakama ni palepale pa kufanyia hiyo kazi, ile ma- ya mwanzo kwa Kiarabu ni ya mahali, kama kwenye maktaba na madrasa.

Usije ukachanganya na hakimiliki lakini, hiyo ni haki kweli, haki na miliki zimeunganishwa, hakuna hakimu ndani yake. Dau la pili ukitaka kulipa kisasi cheza na hilo.

Jaji ye alikuja na Waingereza, na asili yake Kilatini ni mtu anayeitamka sheria. Kwa matumizi ya kawaida Tanzania na Kenya, hakimu ni wa mahakama za chini na jaji ni kuanzia Mahakama Kuu kwenda juu, usimwite jaji hakimu usoni kwake. Kadhi naye ana mzizi wake mwingine, wa kutimiza na kukata jambo, ndo huohuo uliotupa kukidhi kama kwenye kukidhi mahitaji, na ndo huohuo Wahispania walioondoka nao wakapata alcalde, ambaye siku hizi kwao ni meya wa mji.

SWALI: Mwalimu salaam. Kaka yangu alikamatwa, akakaa rumande, baadaye tukamwekea dhamana akatoka, nyumbani tukashangilia tukajua yameisha. Juzi kaletewa habari kuna waranti ya kumkamata kwa sababu hajaonekana kortini. Si tulishalipa dhamana? Au dhamana sio kama faini? (Dada Mtu)

JIBU: Pole sana dada. Kwanza kabla hujamaliza kusoma mwambie kaka yako aende na wakili akajisalimishe na kueleza, kila siku anayokaa nyumbani mambo yanazidi kuharibika. Sasa maneno.

Dhamana sio faini na wala haimalizi kesi. Ni neno la Kiarabu la kubeba jukumu la mwenzio, ndo maana kuna mdhamini, yule aliyesimama akasaini kwamba huyu mtu mwachieni, mi nasimama badala yake, siku mkimtaka atakuja. Waingereza nao neno lao la dhamana ukilifuata mpaka Kilatini linafika kwenye kubeba mzigo, mgongoni kabisa kama mpagazi. Kwa hiyo kuna mtu ana mzigo wa kaka yako mgongoni saa hizi. Kaka akiruka dhamana, huyo mdhamini anaweza kuambiwa alipe kile kiasi alichosaini, na akishindwa yanamkuta ya kumkuta. Mkamwangalie na yeye, msimfikirie kaka peke yake.

Rumande watu wanadhani ni jina la jengo. Ni neno la Kiingereza lililotoka Kilatini, kurudisha kwa amri, yaani hakimu akishaahirisha anamrudisha mshtakiwa chini ya ulinzi mpaka tarehe nyingine. Anayekaa huko anaitwa mahabusu, aliyezuiliwa, na mahabusu sio mfungwa. Mfungwa ameshahukumiwa kifungo, mahabusu bado kwa sheria anahesabiwa hana hatia, hata kama mlango uliofungwa ni mmoja na ufunguo ni mmoja. (Kuna mtu aliwahi kuniandikia mahabuba wangu yuko gerezani, sikujua kama alikosea herufi au la. Mahabuba ni wa mahaba, mzizi wa kupenda, mahabusu ni mzizi wa kufunga. Hiyo mizizi miwili kwa Kiarabu inatofautiana herufi moja tu ya mwisho.)

Kitu kingine kinachowaponza watu ni kutajwa na kusikilizwa. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda mahakama moja nikiwa shahidi, nimejiandaa, usiku nilikuwa nakariri nitasema nini, nimefika asubuhi nimekaa kwenye benchi la korido mpaka makalio yakafa ganzi, nikaitwa ndani, karani akasoma namba, mawakili wakasimama wakasema maneno mawili matatu, tarehe ikapangwa, tukatoka. Dakika mbili hazikufika. Kumbe siku hiyo kesi ilikuwa inatajwa tu, yaani inaangaliwa imefika wapi, ushahidi hautolewi. Kusikilizwa ndo siku ya mashahidi kuongea. Ila kutajwa isikufanye ubaki nyumbani, mshtakiwa aliye nje kwa dhamana anatakiwa awepo, nadhani hapo ndipo kaka yako alipoteleza.

Na kuahirisha, mnajua linashea mzizi na akhera? Yote mawili ni habari ya kinachokuja nyuma, cha mwisho. Waliokaa na kesi miaka saba watacheka hapa au watalia.

Waranti yenyewe ina asili moja na garantii. Neno ni la Kifaransa cha zamani, maana yake ulinzi au idhini, lilikuwa linatamkwa namna mbili kutegemea ni sehemu gani, wengine kwa w wengine kwa g, na Waingereza wakaokota zote mbili. Ndo maana simu mpya ina waranti na askari mlangoni ana waranti, yote ni karatasi inayosema kuna mkubwa nyuma yangu.

SWALI: Gereza na jela ipi mbaya zaidi? Au ni kitu kimoja? (Mdadisi)

JIBU: Kitu kimoja, asili mbili, na hapa niacheni niongee maana hili ndo swali nililolipenda kuliko yote.

Gereza, kwa maelezo ambayo wataalamu wengi wa Kiswahili wanayakubali, limetoka kwenye igreja ya Kireno. Na igreja ni nini? Kanisa. Unaweza kuuliza kanisa linageukaje gereza, basi fikiria pwani yetu enzi za Wareno, Kilwa wamejenga ngome mwaka 1505, Mombasa wameanza Fort Jesus mwaka 1593, na ndani ya hizo kuta kuna kanisa lao, mtu wa nje akisikia wanasema igreja akaona ni jina la lile jengo zima. Likawa neno la ngome. Kiswahili cha zamani gereza ilikuwa ngome, na ile ngome ya Kilwa Kisiwani mpaka leo inaitwa Gereza, wageni wanaitembelea wakidhani walifungwa watu tu humo. Halafu zile ngome zikaja kutumika kufungia watu, Fort Jesus yenyewe Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895 ikakaa hivyo mpaka 1958, basi neno likamalizia safari yake. Kanisa, ngome, kifungo. Sijui neno lingine lililoporomoka namna hiyo.

Jela limepita njia nyingine, Kiingereza kutoka Kifaransa kutoka Kilatini, na huko mwisho maana yake ni kitundu kidogo, kile cha kuwekea ndege au mnyama. Sasa angalia na sisi tulivyofanya bila kumuuliza Mlatini yeyote. Pale anaposimama mshtakiwa tumepaita kizimba. Na kizimba ni nini? Kitundu cha kuku! Siku hizi mpaka samaki wanafugwa kwenye vizimba ziwani. Watu wawili wa mbali kabisa, wameangalia mtu aliyezungushiwa mbao, wote wakaona kuku.

SWALI: Wakili na mwanasheria? (M.K.)

JIBU: Mwanasheria ni aliyesoma sheria. Wakili ni yule aliyeapishwa akaingizwa kwenye orodha, anaruhusiwa kusimama mahakamani kwa niaba yako. Kila wakili ni mwanasheria, kinyume chake hapana, na wapo wanaotumia huo mkanganyiko kula hela za watu. Asili ni Kiarabu, kukabidhi mtu jambo lako, ukoo mmoja na wakala na kuwakilisha. Wakala wa kutuma pesa na wakili wa kesi ya mauaji ni binamu.

SWALI: Hivi sheria, kanuni, katiba na desturi zinatofautianaje kwa asili? Mwanangu ana kazi ya shule na mimi nimeshindwa. (Mama wa Darasa la Saba)

JIBU: Mama usijali, mtoto akiambiwa kwa hadithi hatasahau.

Sheria kwa Kiarabu cha mwanzo ilikuwa njia ya kwenda kwenye maji, pale wanyama na watu wanapopita kwenda kunywa. Jangwani ukiikosa hiyo njia umekwisha, kwa hiyo sio ajabu ikaja kuwa neno la mwongozo. Mpaka leo mtaa au barabara kwa Kiarabu ni neno la mzizi huohuo.

Kanuni ndo imesafiri zaidi. Wagiriki walikuwa na kanon, fimbo iliyonyooka ya kupimia, fundi anaiweka kwenye ukuta anaona palipopinda. Waarabu wakaichukua, sisi tukaichukua kwa Waarabu, Wakatoliki nao wana sheria za kanoni. Na kama umewahi kuangalia kundi la taarabu ukaona mtu ana ala ya nyuzi nyingi ameilaza mapajani, ile nayo inaitwa kanuni na ni neno lilelile.

Kwenye katiba na desturi sasa ndo kuna kituko. Katiba ni mzizi wa kuandika, pamoja na kitabu, katibu na maktaba, sawa? Lakini ukienda kwa Waarabu wenyewe ukawauliza katiba ya nchi mnaiitaje, watakwambia dustur. Ndiyo, desturi! Neno lilitoka Uajemi, Waarabu wakalifanya ndo sheria mama iliyoandikwa, sisi tukalifanya mazoea ambayo hayajaandikwa popote. Neno moja, huku limekaa kwenye kiti cha mbele, huku limekaa barazani. Mwanao akiandika hilo mwalimu wake atampa alama zote, na asipompa niandikie.

SWALI: Kwa nini mawakili wanapenda Kilatini? Alibi, afidaviti, sijui noli nini, hata Waingereza wenyewe si wana lugha yao? (Mchoshwa)

JIBU: Wana lugha yao lakini mahakama zao hazikuwa nayo. Wanormani kutoka Ufaransa walivamia Uingereza mwaka 1066, wakubwa wakawa wanaongea Kifaransa, kumbukumbu zinaandikwa Kilatini, na mwananchi wa kawaida yuko hapo kizimbani anasikiliza maisha yake yanajadiliwa kwa lugha za watu. Mwaka 1362 ikatungwa sheria kwamba kesi zijadiliwe kwa Kiingereza kwa sababu watu hawaelewi, na hiyo sheria yenyewe, shikeni mbavu, iliandikwa kwa Kifaransa. Kilatini cha kwenye kumbukumbu kiliendelea mpaka 1733. Kwa hiyo Tanzania iliposema mwaka 2021 kwamba lugha ya sheria na mahakama iwe Kiswahili haikuwa nchi ya kwanza kupata hilo wazo, wala haitakuwa ya mwisho kugundua kwamba kuamua ni siku moja na kubadilisha midomo ya watu ni miaka.

Haya maneno yako haraka haraka, na mawili ya Kifaransa nakuongezea. Alibi ni mahali pengine, basi, yaani mtuhumiwa anasema wakati hayo yanatokea mi nilikuwa mahali pengine. Afidaviti ni ameapa, na Kiswahili tuna hati ya kiapo, inatosha kabisa, tuitumie. Mogeji, mkopo wa kuweka mali rehani, ni Kifaransa, rehani iliyokufa, na wanasheria wa zamani walieleza kwamba ukilipa deni rehani imekufa kwa mkopeshaji, usipolipa mali imekufa kwako, vyovyote vile kuna msiba. Sisi tuna rehani tu bila kifo, afadhali. Parole, yaani mfungwa kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, kwa Kifaransa maana yake ni "neno", neno kama ahadi, mateka alikuwa anaachiwa kwa kutoa neno lake la heshima kwamba hatatoroka.

Hiyo noli uliyoisikia ni nolle prosequi, kutotaka kuendelea. Magazeti yanaandika upande wa mashtaka umesema hauna nia ya kuendelea na shauri. Hapo wengi wanakosea, wanashangilia mtu ameshinda kesi. Hajashinda. Wenye kesi wameweka chini mashtaka, na kwa kawaida wakitaka wanaweza kuyaokota tena siku nyingine. Kushinda ni pale mahakama imesikiliza mpaka mwisho ikasema huna hatia.

SWALI: Mwalimu, anayekufa kwa ajili ya dini anaitwa shahidi na anayetoa ushahidi kwenye kesi ya kuku anaitwa shahidi. Imekuwaje? (Abu)

JIBU: Imekuwa hivyo kwa Wagiriki pia, neno lao la mtu aliyeuawa kwa imani yake mwanzo lilikuwa shahidi wa kawaida tu wa kesi. Wazo ni kwamba wote wawili wanasema hiki nimekiona na sibadilishi, ila mmoja analipa bei kubwa zaidi. Kwa Kiarabu mzizi ni kuwepo na kuona kwa macho, ndo maana ukienda kusema nilisikia kwa jirani kwamba alisikia, utakatishwa. Hukuwepo, hukuona, wewe sio shahidi. Shahada ni ya ukoo huohuo, ya kwenye imani na ile unayoitundika ukutani, zote ni kushuhudia jambo.

Na ukipenda hayo chukua na hili, dai na dua ni ndugu, zote ni kuita. Mdai anamwita mwenzake mbele ya mahakama, mwenye dua anamwita Mungu, na nimewaona wengi wanafanya vyote viwili asubuhi hiyohiyo.

SWALI: Toleo lililopita uliandika mkataba unatokana na kukata kwa sababu watu wanakata shauri. Nani alikwambia? (Msomaji wa Siku Nyingi)

JIBU: Hakuna aliyeniambia, nilijiambia mwenyewe. Nimekosea na naomba radhi. Mkataba ni wa mzizi wa kuandika, huohuo wa katiba na kitabu nilioueleza hapo juu, ile kata iliyomo ndani imejitokeza kwa bahati tu na mimi nikaivaa kama Mbishi alivyovaa haki ndani ya hakimu. Kukata ya kwetu wenyewe ya kisu ipo kweli kortini, kukata shauri, kukata kesi, kukata rufaa, na rufaa ndo ya Kiarabu, kuinua, unainua shauri lako kwenda juu, kama ilivyo hospitali ya rufaa mgonjwa anapandishwa ngazi. Na wewe Msomaji wa Siku Nyingi rufaa yako imekubaliwa, gharama juu yangu.